Je, Wajua? Unaweza Kuota Huku Unajua Unaota

Sogea, ndugu msomaji, benchi lina nafasi. Leo nimekuletea mambo ya usiku, na naapa hutasinzia.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuwa amelala fofofo, shuka gubigubi, na bado akajua kabisa kwamba anachokiona ni ndoto? Hajaamka, wala hajashtuka. Yumo humo humo ndotoni, anatazama huku na huku, anajiambia, "Kumbe naota!" Tuiite ndoto ya kujitambua.

Usidhani ni karama ya watu wachache. Mwaka 2016 watafiti walizijumlisha tafiti 34 za miaka 50 na kukuta kwamba watu 55 katika kila 100 wamewahi kuota hivyo angalau mara moja maishani. Watu 23 katika kila 100 huota hivyo mara moja kwa mwezi au zaidi! Leo jioni mkiwa mezani, uliza tu. Huenda aliyekaa mkono wako wa kushoto ni mmoja wao na hajawahi kumwambia mtu.

Na kitenzi chenyewe, umewahi kukitazama? Mbegu huota, ndevu huota, mtu huota jua asubuhi, huota moto jioni, na usiku huota ndoto. Neno moja, kazi tano!

Wewe unayesema "mimi siotagi", nakupinga hapa hapa. Kila baada ya dakika 90 hivi ubongo wako huingia kwenye usingizi ule ambao ndoto kali hutokea, usiku mmoja mara 4 au 5. Unaota, ila unasahau.

Chukua kalamu tupige hesabu. Usingizi huo hula kati ya asilimia 20 na 25 ya usiku wako. Ukifika miaka 60 utakuwa umeishi ndani yake zaidi ya miaka 4! Miaka minne mizima, na mingi ya hiyo huikumbuki hata chembe.

Mtoto mchanga ndiye bingwa. Karibu nusu ya usingizi wake wote ni wa aina hiyo. Kichungulie kitoto kilicholala: kope zinatikisika, midomo inacheza, tabasamu linapita na kupotea.

Usingizi huo uligunduliwa juzi tu, mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwanafunzi Eugene Aserinsky, pamoja na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, waligundua kwamba macho ya mtu aliyelala huanza ghafla kukimbia huku na huku chini ya kope. Mmoja wa watu wa kwanza kufungwa nyaya usiku kucha alikuwa Armond, mtoto wa Aserinsky mwenyewe, mwenye miaka 8!

Macho yanakimbia, lakini mwili je? Umezimwa! Ukiota unafukuzwa na mbwa, ubongo unaamuru miguu ikimbie, ila amri hiyo inazuiwa njiani. Vinavyobaki huru zaidi ni pumzi na macho. Bila kizuizi hicho ungeupiga ukuta teke kila usiku.

Shika hapo kwenye macho, maana ndipo ulipopatikana mwanya.

Kwa miaka mingi wanasayansi wengi walikataa kwamba mtu anaweza kujitambua ndotoni. Walisema huyo ameamka kidogo halafu anajidanganya. Utamthibitishiaje mtu jambo ambalo umeliona wewe peke yako, umelala, mdomo umefungwa?

Tarehe 12 Aprili 1975, huko Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikuwa amekesha na mtu mmoja, Alan Worsley. Walikuwa wamewekeana ahadi: ukijua tu kwamba unaota, peleka macho kushoto, kulia, kushoto, kulia. Asubuhi ile Worsley akiwa katikati ya usingizi wa ndoto, kalamu ya mashine ikaanza kuchora mawimbi makubwa ya kwenda na kurudi, mfano wa mtu anayepunga mkono kutoka ng'ambo ya mto. Ilikuwa salamu ya kwanza kurekodiwa kutoka ndani ya ndoto!

Marekani nako, bila habari za Hull, kijana Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaza hila hiyo hiyo. Yeye hakutafuta mtu wa kumwotea, alijilaza mwenyewe. Ijumaa ya tarehe 13 Januari 1978 alituma ishara yake, siku ambayo Wamarekani wengi huiona ya nuksi!

Baada ya hapo mambo yakafunguka. LaBerge na wenzake waliwaambia waotaji wabane pumzi ndotoni. Vifaa vikaonyesha kwamba mwili ule kitandani nao umebana pumzi!

Munich, Ujerumani, mwaka 2011, watu walilala ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Ndotoni walikunja ngumi, na sehemu ya ubongo inayoongoza mkono ikaamka kana kwamba mkono wenyewe unakunjwa. Vidole vilikuwa vimetulia tuli juu ya godoro.

Umesikia watu wakisema ndoto ya saa nzima hupita kwa sekunde moja? Si hivyo. Waotaji walioagizwa kuhesabu sekunde ndotoni walitumia muda karibu sawa na wa mtu aliye macho. Na walioagizwa kuchuchumaa na kusimama walichukua muda mrefu zaidi kuliko mchana!

Jaribu hili sasa hivi, hapa benchini. Fumba macho, uwaze kidole kinachotembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, nawe ukifuate. Macho yako yanakwenda kwa kurukaruka, hata ukijitahidi vipi. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba katika ndoto ya kujitambua macho hufuata kidole kwa utulivu, yanateleza kama mashua siku ya shwari, sawasawa na ya mtu anayetazama kitu cha kweli.

Sasa kaa vizuri, hii ndiyo ninayoipenda kupita zote. Mwaka 2021 maabara 4, za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, zilitangaza kwamba zimezungumza na watu waliolala. Kuzungumza hasa, swali na jibu! Kijana wa miaka 19 aliulizwa akiwa usingizini: 8 ukitoa 6 ni ngapi? Macho yake yakaenda kushoto na kulia mara 2. Wakamuuliza tena, akajibu tena 2.

Watu waliojaribiwa walikuwa 36, na majaribio 158. Majibu sahihi yalipatikana katika kama 18 kwa kila majaribio 100. Unaona ni kidogo? Kumbuka hawa ni watu waliolala!

Na swali liliingiaje ndotoni? Kuna aliyelisikia kama sauti inayotoka redioni. Ufaransa walikuwepo waliojibu kwa uso: kutabasamu ni ndiyo, kukunja uso ni hapana.

Tuvuke bahari ya wakati kidogo. Miaka zaidi ya 2,300 iliyopita Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba mara nyingi mtu aliyelala huwa na kitu ndani yake kinachomwambia kwamba anayoyaona ni ndoto tu. Alikijua bila waya hata mmoja!

Afrika yetu nayo imo. Kwenye mwaka 415 hivi Askofu Augustino, aliyekaa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika barua yenye kisa cha tabibu mmoja wa Carthage, mji ulio Tunisia ya leo. Tabibu Gennadius alitokewa ndotoni na kijana aliyemuuliza: mwili wako uko wapi saa hizi? Akajibu: kitandani kwangu. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita!

Watibeti wamelifanya somo. Mafunzo yao ya ndoto ni sehemu ya mafundisho 6 yanayohusishwa na mwalimu Naropa wa karne ya 11, na watawa huyafuata mpaka leo.

Mfaransa Hervey de Saint-Denys alianza kuandika ndoto zake akiwa na miaka 13. Akajaza daftari 22, jumla ya masiku 1,946! Mwaka 1867 alitoa kitabu kuhusu namna ya kuziongoza ndoto, na hakuandika jina lake juu yake.

Daktari wa Uholanzi, Frederik van Eeden, alihesabu ndoto zake za kujitambua kuanzia mwaka 1898 hadi 1912. Zilifika 352! Ni yeye aliyezipa, mwaka 1913, jina ambalo wataalamu wanalitumia hadi leo.

Haya, najua umeanza kuwashwa. Unataka kujua unaanzia wapi.

Unaanzia kwenye daftari, lile la bei rahisi kabisa la dukani. Liweke chini ya mto na kalamu yake, na ukiamka usinyanyuke. Usijigeuze, usiguse simu, tulia hapo hapo ulivyolala na uulize: nilikuwa wapi? Ndoto hutoroka ndani ya dakika chache, na kuukurupusha mwili ni kuifungulia mlango. Ukipata hata neno moja, "embe" au "mjomba" au "maji", liandike, maana mara nyingi neno hilo huja limeshika mkia wa jingine.

Na andika vizuri! Mwanasayansi Otto Loewi aliota jaribio la kisayansi, akaamka, akachorachora kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata, saa 9 hivi, ndoto ikarudi, na safari hii alikwenda moja kwa moja maabara kuzijaribu nyoyo 2 za vyura. Alichokigundua, kwamba neva hupeleka ujumbe kwa kemikali, kilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Wiki 1 au 2 za daftari zitakuonyesha kitu: ndoto zako zina mazoea. Kuna anayerudi shuleni kila mara, kuna anayekosa viatu, kuna anayemwona marehemu bibi yake akipepeta mchele uani. Mazoea hayo ndiyo alama zako. Siku utakapoiona alama, jiulize.

Jiulize nini? Swali dogo kuliko yote: je, naota? Mjerumani Paul Tholey aliwafundisha watu kujiuliza hivyo mchana, mara kadhaa kila siku, kwa dhati kabisa. Swali la mchana huja kujirudia lenyewe usiku, na usiku jibu huwa tofauti!

Usijibu kwa mdomo tu, pima. Bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi. Ukiwa macho utakwama. Ndotoni hewa huingia tu, baridi na laini, kana kwamba hujabana chochote! Jaribu sasa, mwenzangu, hakuna anayekutazama.

Maandishi nayo ni mtego mzuri sana. Ndotoni ukisoma kibao, ukaangalia pembeni, ukakisoma tena, mara nyingi herufi zimebadilika. Rudi juu, soma kichwa cha makala haya mara mbili. Kimekaa vile vile? Vizuri, uko macho.

Hesabu vidole pia. Ndotoni huweza kuwa 6, au 4, au kimoja kimerefuka kama tango. Na swichi ya taa? Waotaji wengi husema wanaibonyeza na chumba kinakaa na mwanga ule ule.

Ila kupima peke yake mara nyingi hakutoshi, na hapa wanaoanza wengi hukata tamaa. Dawa yake LaBerge aliitoa kwenye jambo la kila siku. Ukitumwa chumvi, unajiambia "nikipita dukani nikumbuke chumvi", na ukiliona duka chumvi inakujia kichwani. Kujitambua ndotoni ni kukumbuka chumvi tu, ila duka lenyewe ndilo ndoto!

Fanya hivi. Umeamka usiku kutoka kwenye ndoto, ikumbuke kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha jiambie polepole: nikiota tena, nitakumbuka kwamba naota. Halafu jione umerudi kwenye ndoto ile ile, umefika mahali pale pa ajabu, na safari hii unashtuka na kusema, "Kumbe!" Rudia mpaka usingizi ukuchukue.

Saa ya kufanya hivyo ina siri yake. Ndoto ya mwanzo wa usiku huweza kuwa ya dakika 10 hivi, lakini ya kuelekea alfajiri hufika nusu saa na kupita! Utajiri wote uko mwishoni mwa usiku.

Basi lala saa 4 usiku, tega saa ikuamshe saa 9, kaa macho dakika chache, sema maneno yako, ulale tena. Aliyewahi kufunga Ramadhani anaijua ratiba hii: unaamshwa kula daku, unaswali alfajiri, unajirudisha kitandani. Umewahi kuona ndoto za usingizi ule zilivyo nzito na za rangi kali? Saa zenyewe ndizo hizo hizo!

Inafanya kazi kweli? Australia, mwaka 2017, watu 169 walijaribiwa. Waliochanganya vyote vitatu, yaani kupima mchana, kuamka usiku na kujiambia maneno, walifanikiwa katika masiku 17 kwa kila masiku 100, na walikuwa wamefanya mazoezi wiki 1 tu! Na waliorudi usingizini ndani ya dakika 5 baada ya kujiambia maneno yao? Karibu 46 kwa kila 100!

Kwa hiyo ukiamka usiku usiwashe taa kubwa wala usiingie kwenye simu. Kazi yako ni kurudi kulala upesi.

Hata kitufe cha kusogeza kengele mbele kina habari yake. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2015 kwamba watu wanaokibonyeza asubuhi huripoti ndoto za kujitambua zaidi. Kulala na kuamka, kulala na kuamka, mlango unabaki wazi kidogo.

Mwaka 2020 watu walifundishwa kuhusisha mlio na mwanga fulani na swali lile la "je, naota?", kisha wakalazwa asubuhi. Mlio na mwanga vilipopigwa usingizini, nusu yao walijitambua. Lepe moja la asubuhi!

Sasa maonyo mawili matatu, na haya nayasema nikikutazama machoni.

Kuna njia ya kuingia ndotoni moja kwa moja kutoka hali ya kuwa macho, akili ikikesha huku mwili ukilala. Anayeanza aiache kwanza. Njiani humo mtu huweza kukuta akili imeamka na mwili bado umezimwa: huwezi kunyanyua hata kidole, kifua kizito, na unahisi kuna kiumbe chumbani. Waswahili wanalijua tangu zamani, wanaliita jinamizi.

Je, wakumbuka Popobawa, lile zimwi la usiku? Mwaka 1995 hofu ilizuka Pemba ikahamia Unguja, watu wakawa wanalala nje makundi kwa makundi, moto umewashwa. Watafiti waliochunguza simulizi zile walikuta nyingi zinafanana mno na kukabwa na jinamizi: mzigo kifuani, sauti haitoki, mwili haugeuki. Likikupata, usishindane nalo. Pumua taratibu, jaribu kutikisa kidole cha mguu. Kwa kawaida huisha ndani ya sekunde au dakika chache.

Kuna dawa ya wagonjwa wa kusahau uzeeni, galantamini. Mwaka 2018 watu 121 waliijaribu chini ya uangalizi, na walipomeza miligramu 8, watu 42 katika kila 100 walijitambua ndotoni, dhidi ya 14 walipomeza kidonge kisicho na kitu. Inashangaza, nakubali! Lakini ni dawa ya hospitali, ina madhara yake, na wewe una daftari. Mwenye maradhi ya akili yanayomchanganyia ya kweli na yasiyo kweli, mazoezi haya si yake bila daktari. Na kuamka saa 9 usiku kila siku ni kujichosha: fanya mara 1 au 2 kwa wiki, siku ambayo kesho yake huwahi kazini.

Turudi kwenye furaha! Watoto ndio wanaotuzidi. Ujerumani walihojiwa watoto na vijana wa miaka 6 hadi 19, na kujitambua ndotoni kulikuwa kwingi utotoni, kukapungua kwenye miaka 16 hivi. Muulize mwanao kesho asubuhi, usishangae akikujibu, "Mbona mimi kila siku?"

Mwanafalsafa wa Scotland Thomas Reid aliteswa na ndoto za kutisha karibu kila usiku akiwa na miaka 14 hivi. Akaamua kukumbuka, kila zikija, kwamba ni ndoto tu. Kwa kusimulia kwake mwenyewe, akaanza kujua yuko ndotoni, na hatimaye ndoto hizo zikamwacha! Uholanzi mwaka 2006 watu 23 wenye ndoto mbaya walishirikishwa katika jaribio, na waliofundishwa njia hiyo ndoto mbaya ziliwapungua.

Unataka mazoezi ya mikono? Watu walijaribiwa jioni kurusha sarafu ziingie kikombeni. Waliofanikiwa kurusha tena usiku, ndotoni, asubuhi walilenga vizuri zaidi. Huo ni mchezo wa sarafu, waza mpiga gitaa!

Asiyeona tangu kuzaliwa huota bila picha. Ndoto yake imejaa sauti, harufu na mguso: mlango unalia, samaki anakaangwa, mkono wa mtu unashika bega.

Na rangi? Utafiti wa Dundee, Scotland, mwaka 2008, ulionyesha kwamba watu waliokulia na televisheni isiyo na rangi huota nyeusi na nyeupe mara nyingi zaidi kuliko vijana. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970 ikiwa na rangi tangu siku ya kwanza!

Kati ya mambo ambayo watu hupenda kufanya wakishajitambua, la juu kabisa ni lile unalolifikiria. Kuruka! Mwingereza Mary Arnold-Forster, aliyeandika kitabu chake mwaka 1921, aliruka ndotoni kwa kusukuma ardhi kidogo tu kwa mguu.

Lakini utakumbana na hili: anayeanza akijua tu kwamba anaota, furaha humpanda, na furaha hiyo hiyo humwamsha. LaBerge alitoa hila mbili. Sugua viganja ndotoni, au zunguka kama pia. Ubongo ukishughulika na mkono wa ndotoni, unasahau ule wa kitandani!

Ya viganja naijua mwenyewe. Usiku wa 12 tangu ninunue daftari, niliota nipo kituo cha Posta nasubiri daladala. Likaja, kibao cha mbele kimeandikwa POSTA – MBAGALA. Nikatazama pembeni, muuza karanga anapita, nikarudisha macho: POSTA – CHAKE CHAKE. Daladala la Chake Chake, kule Pemba, na bahari yote ile katikati! Nikapiga kelele ya furaha, na hapo hapo nikawa nimelala chali natazama chandarua.

Wiki 3 baadaye kituo kile kile, muuza karanga yule yule. Sikupiga kelele. Nikasugua viganja, polepole, nikauhisi ule ukavu wa ngozi, kisha joto, kisha jasho kidogo katikati ya kiganja. Kila kitu kikatulia, hata vumbi la matairi lilikuwa linang'aa. Kibao kilikuwa bado kinasema Chake Chake. Nikapanda, na kondakta akaniambia nikae dirishani, upande wa bahari.